Flashi Moja, Hospitali Mbili za Kendu Bay

Kendu Bay kuna hospitali mbili. Moja ni hospitali ya kaunti ndogo, mali ya serikali ya Kaunti ya Homa Bay. Nyingine ni Kendu Adventist, ya Kanisa la Waadventista Wasabato. Tuchukulie kwamba afisa wa teknolojia wa kaunti amerekebisha kipande cha KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika katika kliniki nyingi za eneo hilo. Ameongeza ripoti ambayo wahudumu walikuwa wakiihesabu kwa mkono kila mwisho wa mwezi, na faili yake imo kwenye flashi. Asubuhi anaisakinisha kwenye seva ya hospitali ya kaunti. Kwa upande wa leseni hakuna lililotokea. Ni sawa na kuhamisha kiti kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mchana anapanda boda hadi hospitali ya kanisa na kusakinisha faili ile ile. Hapo limetokea jambo. Leseni iliyokuwa imelala tangu siku programu ilipopakuliwa imeamka, nayo ina madai.

Wengi wanaofanya kazi na programu huria huzigawa leseni zake mafungu mawili: zinazokuacha ufanye utakalo, na zile wanazoziita za virusi, ambazo eti ukigusa tu programu lazima uanike hadharani kila ulichoandika. Mgawanyo huo una ukweli kidogo na hofu nyingi. Kasoro yake ni kwamba unaitazama programu peke yake na kumsahau mtu anayeishika. Leseni kubwa karibu zote hazina neno na unachofanya ndani ya nyumba yako. Irekebishe programu, itoe nakala mia, isambaze kwenye kila dawati la kampuni, hudaiwi kitu. Wajibu unaanza pale nakala inapotoka kwa mtu mmoja na kuingia kwa mtu mwingine. Na mtu katika sheria si lazima awe na mikono na miguu: kampuni ni mtu, kanisa lililosajiliwa ni mtu, shirika lisilo la kiserikali ni mtu, serikali ya kaunti ni mtu.

Kwa hiyo swali gumu haliko kwenye maandishi ya leseni. Liko kwenye ramani ya nani ni nani, na ramani hiyo katika Homa Bay na Migori imejaa mipaka kuliko wenyeji wake wanavyodhani.

Tuanze na kampuni, kwa kuwa ndiyo rahisi. Awendo, katika Kaunti ya Migori, kuna kiwanda cha sukari cha SONY. Chukulia kiwanda cha namna hiyo kinatumia kwenye mizani yake programu huria yenye leseni ya GPL. Trekta ya miwa inapanda mizani, uzito unasomwa, inashusha mzigo, inapimwa tena tupu, karani anachapa risiti ya mkulima. Kijana wa ofisi ya kompyuta ameirekebisha programu ili ikumbuke uzito wa kila trela, kisha akaisambaza kwa mizani, uhasibu na ofisi ya wakulima. Je, kampuni imewagawia wafanyakazi wake programu, na hivyo inadaiwa nao msimbo chanzo, yaani programu kama ilivyoandikwa na watunzi? La. Wakfu wa Programu Huru, Free Software Foundation, ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1985 na ndio wenye leseni hiyo, umelijibu swali hili waziwazi: shirika linapojitengenezea nakala nyingi kwa matumizi yake, hiyo si kugawa. Mfanyakazi anashika nakala kwa niaba ya mwajiri. Hawezi kusema kesho, kwa kuwa programu ni huria, nina haki ya kuipeleka kwa kiwanda jirani. Kampuni ikitaka marekebisho yake yabaki siri ya ndani milele, GPL inairuhusu. Wanaodhani GPL inakataza siri za ndani huwa hawajaisoma.

Risiti anayopewa mkulima nayo si programu, ni karatasi. Lakini siku kampuni itakapomtumia mkulima wa Uriri programu ya simu iliyojengwa juu ya msimbo ule ule ili aone uzito wa miwa yake, mambo yamegeuka. Mkulima si mfanyakazi. Ni mtu mwingine, amepokea nakala, na anastahili msimbo chanzo pamoja na haki zote za leseni. Kwamba amepewa bure hakuondoi kitu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwenye kazi haki ya kudhibiti usambazaji wake kwa umma, ikitaja kuuza, kukodisha na hata kuazima. Programu ya kompyuta imo ndani ya sheria hiyo, pamoja na vitabu na maandishi mengine.

Kampuni tanzu ndizo zinazoanza kuvuruga picha. Leseni ya Mozilla, MPL toleo la 2.0, imelimaliza suala hili kwa maelezo ya neno "wewe": "wewe" ni pamoja na kila chombo unachokidhibiti, na kumiliki zaidi ya nusu ya hisa ni udhibiti. Nakala ikihama kutoka kampuni mama hadi tanzu yake, bado iko kwako. GPL haina kifungu cha namna hiyo, na wenyewe wanasema jibu linategemea sheria ya nchi husika, ingawa kwa vitendo haileti tofauti kubwa, maana tanzu haitagawa kitu bila idhini ya mzazi wake.

Na kampuni inapobadilisha mikono? Hili si la kubuni. Mwaka 2025 serikali ilivikodisha viwanda vyake vinne vya sukari kwa wawekezaji binafsi, na kile cha Awendo kikaenda kwa Busia Sugar Industry. Toleo la tatu la GPL, lililotoka Juni 2007, lina kifungu kwa ajili ya hali ya udhibiti wa shirika, au karibu mali yake yote, kuhama: anayepokea nakala katika mpango huo anarithi leseni, na zaidi ya hapo ana haki ya kupewa msimbo chanzo na aliyemtangulia, ikiwa anao au anaweza kuupata kwa juhudi za kawaida. Toleo la pili, la mwaka 1991, halina maneno hayo. Tena kukodisha si kuuza, na hapo wanasheria watajipatia mlo. Lakini meneja mpya anayekabidhiwa mizani, boila na magari angefanya vyema kuuliza pia kompyuta ya mizani inaendesha nini, na aliyeirekebisha aliacha msimbo wapi.

Sasa turudi hospitalini, ambako mambo ni mazito zaidi.

Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima yakiwa asilimia 19.6 Homa Bay, kiwango cha juu kuliko kaunti zote, na asilimia 13.0 Migori. Mgonjwa wa dawa za kudumu anarudi kliniki mwaka baada ya mwaka, na rejista ya karatasi haiwezi kukuambia upesi nani amekosa miadi wiki hii. Ndiyo sababu kompyuta ziliingia kliniki za kusini mwa Nyanza mapema. Msingi wa nyingi kati yake ni OpenMRS, mradi ulioanza mwaka 2004 kwa kazi ya Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief kule Indiana, pamoja na Hamish Fraser wa Partners In Health. Mwaka 2006 ulianza kufanya kazi Eldoret, katika mpango wa AMPATH. Kuanzia mwaka 2012 hivi, I-TECH ya Chuo Kikuu cha Washington na Wizara ya Afya walijenga KenyaEMR juu yake. Kwa hiyo ni programu iliyokulia hapa hapa, saa chache tu kwa barabara kutoka Homa Bay, na hata hivyo leseni yake ni ya kimataifa: MPL 2.0, pamoja na tamko la kuondoa dhamana katika matumizi ya kitabibu.

MPL ni leseni ya kati na kati, nami naona ndiyo inayowafaa sana watu wa serikalini, kama wangeisoma. Inahesabu kwa faili. Fungua faili yoyote ya msimbo wa OpenMRS, na juu kabisa, kabla ya mstari wa kwanza wa Java, utakuta tangazo fupi linalosema faili hii iko chini ya masharti ya MPL. Ukiibadilisha faili yenye tangazo hilo kisha ukagawa programu nje, toleo lako la faili hiyo nalo ni MPL, na aliyepokea lazima aweze kuupata msimbo wake. Ukiandika faili mpya kabisa, isiyonakili chochote cha zamani, unaweza kuiwekea leseni unayotaka. Ripoti yako mpya inaweza kubaki yako. Kile kipande ulichokichomeka ndani ya faili ya zamani ili ripoti ionekane kwenye menyu, hicho si chako peke yako.

Tatizo ni kwamba kinachosafiri kwenye flashi si msimbo chanzo. Ni omod, kifurushi cha OpenMRS, ambacho ukikifungua kama zip utakuta ndani yake faili za Java zilizokwisha kusagwa, zinazosomeka na mashine lakini si na binadamu. MPL hairuhusu kutoa kilichosagwa peke yake. Inakutaka umwambie mpokeaji atakavyoupata msimbo, kwa njia ya kawaida, bila kuchelewa, na bila kumtoza zaidi ya gharama ya kuufikisha. Kwenye flashi ya gigabaiti nane, gharama hiyo ni sifuri. Folda ya msimbo wa moduli ndogo haifikii uzito wa picha mbili za simu.

Hapa ndipo ramani inapouma. Kabla ya Machi 2013, hospitali ya wilaya ya Homa Bay na ile ya Migori zote zilikuwa za Wizara ya Afya. Aliyesakinisha mfumo huku na kule alikuwa akizunguka ndani ya nyumba moja. Kisha ugatuzi ukaanza. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 6, inasema serikali za ngazi mbili ni tofauti ingawa zinategemeana, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaipa kila kaunti utu wake wa kisheria, yenye uwezo wa kuingia mikataba na kumiliki mali. Hospitali zikahamia kwa kaunti. Seva haikusogea hata sentimita moja, waya ule ule, vumbi lile lile, lakini mpaka ukapita katikati ya mtoaji na mpokeaji. Wizara inapotoa toleo jipya kwa Migori leo, inagawa. Haiwezi kujitetea kwamba kaunti iko chini ya udhibiti wake, maana Katiba yenyewe imekataa.

Kaunti kwa kaunti ni vivyo hivyo. Ujumbe wa WhatsApp wa aina hii husafiri kila wiki katika vikundi vya maafisa wa rekodi:

"Mkubwa, ile omod ya ripoti imekubali huko kwenu?"

"Imekubali kabisa. Nakurushia."

Mkubwa yuko Rangwe, anayeomba yuko Rongo. Wamesoma pamoja, wanaitana majina ya utani, wote wanalipwa na umma. Katika macho ya leseni, Kaunti ya Homa Bay imeigawia Kaunti ya Migori programu iliyorekebishwa. Na hilo si kosa! Leseni inapenda kabisa wafanye hivyo. Inachotaka ni kwamba pamoja na omod, Mkubwa arushe na msimbo, au aseme uko wapi. Sijaona sharti jepesi kuliko hilo katika mikataba yote ya ununuzi wa umma, na bado ndilo linalosahauliwa mara nyingi, kwa sababu tu wawili hao wanajiona ni ofisi moja.

Orodha ya watu wengine ni ndefu: Hospitali ya Misheni ya St. Joseph's Ombo pale Migori mjini ni ya Kanisa Katoliki. Lwala Community Alliance, inayofanya kazi Rongo na kwingineko tangu mwaka 2007, ni shirika lenye usajili wake. Na kila mshirika wa miradi ya UKIMWI anayekuja na magari yenye nembo ni mtu mwingine, hata kama meza yake imo ndani ya hospitali ya kaunti kwa miaka kumi.

Wapo wanaoshtuka hapa wakidhani wanaambiwa waweke kila kitu kwenye intaneti. Hapana. Msimbo unadaiwa na aliyepokea programu. Ukiwapa Ombo, unadaiwa na Ombo. Wao wakitaka kuupeleka Tabaka au Kisii, huwezi kuwazuia, wala huwezi kuwasainisha mkataba wa siri juu ya faili zilizo chini ya leseni hiyo. Lakini wewe hujalazimika kuutangazia ulimwengu. Kuna tofauti moja: ukitumia GPL ya mwaka 1991 na badala ya kutoa msimbo papo hapo ukachagua kutoa ahadi ya maandishi, ahadi hiyo lazima idumu angalau miaka mitatu na iwe kwa yeyote atakayeileta. Ndiyo maana ni busara kuuweka msimbo kwenye flashi ile ile na kumaliza deni siku hiyo hiyo.

Hofu nyingine ni ya rekodi za wagonjwa. Leseni ya programu haina habari na data. Majina, namba za kliniki, matokeo ya vipimo, hivyo vyote viko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na, tangu mwaka 2023, Sheria ya Afya ya Kidijitali, na hakuna kifungu cha MPL wala GPL kinachomtaka mtu avitoe. Hatari halisi ni ya uzembe: mtunzi aliyeandika nenosiri la hifadhidata ndani ya msimbo, au aliyeacha faili ya majaribio yenye wagonjwa halisi kumi ndani ya folda, kisha akafunga folda yote na kuituma. Safisha kwanza, tuma baadaye.

Mkandarasi ni habari nyingine yenye utelezi. Kaunti inapomwajiri kijana wa Kisumu airekebishe programu akiwa kwake nyumbani, imempa nakala. Wakfu wa Programu Huru unahesabu nakala anayopewa mkandarasi akaitumie nje ya ofisi zako kuwa ni kugawa. GPL ya tatu ikalegeza kamba: unaweza kumpa mtu nakala kwa lengo tu la kukurekebishia au kukuendeshea, mradi afanye kwa niaba yako pekee, chini ya usimamizi wako, na azuiwe kutoa nakala nje ya uhusiano huo. Maneno hayo yanatakiwa yawe kwenye mkataba, si kwenye mazungumzo ya chai. Kwa upande wa umiliki, sheria ya Kenya iko upande wa mwenye kuagiza: kazi iliyoagizwa kwa malipo inachukuliwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mkiandikiana vinginevyo. Lakini angalia aliyeagiza ni nani. Moduli nyingi za afya hazikuagizwa na kaunti. Ziliagizwa na shirika lililopewa fedha na mfadhili, kwa hiyo ni lenyewe linalomiliki, na kaunti iliyotumia moduli hiyo miaka mitano haimiliki hata mstari mmoja. Kilicho mkononi mwa kaunti ni leseni tu.

Hadi hapa kanuni ni moja: nakala isipotoka, deni halianzi. Kuna leseni moja inayoivunja kanuni hiyo makusudi, nayo imefika hadi visiwani. Septemba 25, 2023, katika Uhuru Park, Rais William Ruto alizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja akiwa na begi la vifaa na simu. Mfumo ulio ndani ya simu hizo, eCHIS, umejengwa juu ya Community Health Toolkit, zana za shirika la Medic, na leseni ya zana hizo ni AGPL toleo la tatu, dada wa GPL aliyezaliwa Novemba 2007. Alizaliwa kwa sababu kampuni za mtandaoni zilikuwa zikichukua programu huria, kuirekebisha, kuiweka kwenye seva zao na kuuza huduma bila kumpa mtu yeyote nakala. Kwa hesabu ya GPL hazikuwa zikigawa, kwa hiyo hazikuwa zikidaiwa. AGPL ikaongeza kifungu cha 13: ukiirekebisha programu, toleo lako lazima liwape watumiaji wote wanaowasiliana nalo kupitia mtandao nafasi ya kuupata msimbo wake, bure.

Neno ni "wote". Halikusema wateja, halikusema watu wa nje. Ndani ya kampuni ya kawaida bado kuna ubishi kama mfanyakazi anayetumia seva ya mwajiri wake ni mtumiaji kwa maana hiyo au ni mkono tu wa mwajiri. Mimi ningesoma kama kilivyoandikwa na kuwapa. Lakini mhamasishaji wa Kisiwa cha Mfangano si mfanyakazi wa kawaida. Analipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu na nusu kaunti, na kumwita mkono wa mwajiri kunahitaji kwanza kujua mwajiri ni yupi kati ya hao wawili. Juu ya hapo, programu hii imeundwa ifanye kazi pasipo mtandao: anatembelea nyumba, anajaza fomu ya mtoto mwenye homa, na data inasubiri kwenye simu hadi mtandao upatikane. Maana yake msimbo wenyewe, si skrini tu, umekaa ndani ya simu. Ukitazama kwa dirisha la mtandao au kwa mlango wa nakala, yeye ni mpokeaji.

Kuna afueni. Kifungu cha 13 kinamshika aliyerekebisha. Ukiendesha zana hizo kama zilivyo, msimbo wake uko wazi kwenye GitHub na huna la kuongeza hapo. Ukibadilisha msimbo wa msingi, gharama ya kutii ni mstari mmoja kwenye ukurasa wa maelezo ya programu, wenye namba ya toleo na kiungo cha kupakua. Sina uhakika ni wahamasishaji wangapi wa Mfangano wangekibonyeza. Mwalimu wa kompyuta wa Tom Mboya University, pale Homa Bay mjini, angekibonyeza, na wanafunzi wake wangekuta msimbo halisi wa taifa wa kujifunzia.

Je, kuna anayeshtakiwa kwa haya? Katika Ulaya wapo. Mwaka 2004 mahakama ya Munich ilimpa Harald Welte, mmoja wa watunzi wa programu ya ulinzi wa mitandao ya Linux, amri dhidi ya Sitecom iliyouza vifaa vyenye msimbo wake bila kufuata GPL. Kesi inayofanana zaidi na yetu ni ya Ufaransa. Kampuni ya simu ya Orange iliipatia serikali mfumo wa kuingilia huduma za umma mtandaoni, ndani yake ikiwemo maktaba ya msimbo iitwayo Lasso, ya kampuni ndogo ya Entr'Ouvert, chini ya GPL ya pili. Orange iliichanganya na msimbo wake na kuikabidhi serikali bila kutimiza masharti. Kesi ilizunguka mahakama zaidi ya miaka kumi, na Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Paris ikaiamuru Orange ilipe jumla ya zaidi ya yuro 800,000. Angalia mkosaji alikuwa nani. Hakuwa mwizi wa kuuza nakala sokoni. Alikuwa mzabuni, na mpokeaji alikuwa ofisi ya serikali.

Kwa kaunti zetu, hata hivyo, naona leseni ina faida zaidi ikisomwa kutoka upande wa anayepokea. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo USAID ilikuwa imekoma kuendesha miradi. Katika eneo ambalo kliniki za UKIMWI zimeendeshwa kwa fedha hizo kwa miaka ishirini, maana yake ni kwamba watu waliojua seva ipi ina marekebisho gani walifungasha. Wakati wa makabidhiano huwa kuna orodha ndefu: kompyuta, jenereta, viti, friji ya maabara, kila kimoja na namba yake. Ni nadra orodha hiyo kuwa na msimbo chanzo, ingawa ndicho kitu pekee ambacho mpokeaji ana haki nacho bila kukiomba kama hisani.

Afisa mkuu wa afya wa kaunti anaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa shirika linaloondoka. Itaje kila moduli iliyosakinishwa pamoja na namba ya toleo lake, ambayo inaonekana kwenye ukurasa wa usimamizi wa moduli ndani ya OpenMRS. Iseme kaunti ilipokea moduli hizo zikiwa zimesagwa, itaje MPL 2.0, na iombe msimbo wa faili zote zilizorekebishwa pamoja na maelekezo ya kuzisaga upya. Nakala iende kwa OpenMRS na kwa Wizara, na sababu ya kufanya hivyo ni ya kisheria: mwenye nguvu ya kumbana anayevunja leseni ni mwenye hakimiliki, si lazima mpokeaji. Kama mpokeaji naye anaweza kudai mwenyewe mahakamani, hilo ndilo swali lililofunguliwa California mwaka 2021 katika kesi ya Software Freedom Conservancy dhidi ya Vizio, watengenezaji wa televisheni. Anayeandikiwa kwa mara ya kwanza na mwenye hakimiliki ana siku 30 chini ya MPL za kurekebisha mambo ili haki zake zirejee kikamilifu, kwa hiyo barua haina haja ya ukali. Iandikwe tu kabla anwani ya barua pepe ya mradi haijafungwa.